Kaa Kwanza, Vika Baadaye

Mdogo wangu ametengwa na meza ya Bwana kwa sababu alikataa kushona kitambaa. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani kuna jambo kubwa zaidi nimelikalia. Hakuiba, hakuzini, hakumtukana mtu. Aliletewa viti vitatu vya madhabahuni avivishe, akakataa. Kwa hilo tu, watu wazima waliovaa tai walikaa kikao wakampa adhabu.

Jina la Sindano alipewa na baba yetu, kwa wembamba wake na kwa maneno yake. Sindano haipigi kelele, lakini ikiingia umejua. Baba alikuwa fundi wa makochi. Tulikulia kwenye chumba chenye mlango wa mabati unaofungukia barabarani, sakafu imejaa nyuzi za magunia na vipande vya sponji, na harufu ya gundi inayokuganda kwenye nywele hata ukioga. Mimi mikono yangu ilikuwa mizito, nikarithi mdomo: nauza samani. Sindano ndiye aliyerithi cherehani, na pamoja na cherehani akarithi sheria ya baba.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Fremu ikishagongwa, springi zikishafungwa, kabla ya kitambaa, anayeshona lazima akae juu yake. Kochi uchi, tuliliita, na tulicheka sana utotoni kwa jina hilo. Anakaa, anayumba kushoto, anayumba kulia, anajitupa nyuma, kisha anakalia mkono mmoja na wa pili. Likilia, linarudi kwa fundi. "Kochi likishavishwa limefungwa mdomo," baba alisema. "Liulize likiwa uchi. Kaa kwanza, vika baadaye."

Alikuwa na sababu. Mimi ninayesimama dukani kila siku nawajua wateja. Mteja huingia, anapapasa kitambaa, anabonyeza sponji kwa kiganja kama anayepima chapati, anauliza kama rangi itapauka. Sijawahi kumwona hata mmoja akilipindua kochi atazame tumbo lake. Kwa hiyo mtu pekee anayeweza kumwokoa mteja ni yule anayeshona, na akinyamaza huyo, basi tena.

Sindano aliolewa na kijana aliyekuwa akifanya kazi kwa baba. Sitampamba shemeji yangu: alikuwa mlevi wa kulala mtaroni na kiatu kimoja. Mdogo wangu alimfuata vilabuni na ndoo ya maji kama anakwenda kuzima moto. Lakini nyundo yake ilikuwa na adabu. Hata akiwa na mning'inio wa pombe ya jana, alikuwa akigonga ubao kwa kidole, anausikiliza, anautupa kama haumpendezi. Makochi aliyoyatengeneza akiwa mlevi watu bado wanayarithisha watoto wao.

Kisha akaokoka. Pombe akaiacha kweli, na hapo nampa haki yake. Tulishukuru. Sindano alilia kwa furaha, naye si mtu wa machozi. Mtaa ukampachika jina jipya, Kwa Neema, maana kila ukimuuliza kitu jibu lilikuwa hilo.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Kwa neema."

"Na kochi la mteja wangu, lile la wiki iliyopita?"

"Litakuja, kwa neema."

Nilianza kuona neema hii inachelewesha mali yangu.

Kanisa alilojiunga nalo lina mchungaji mwenye sauti nzuri sana. Sauti ile ingekuwa dukani kwangu ningekuwa na matawi. Alikuwa akifundisha kwamba anayeamini amekwisha kuvishwa, na Mungu akimtazama anaona vazi tu; yaliyo chini ya vazi hayaulizwi tena. Anayehangaika na matendo mema, alisema, bado hajaijua neema. Muhuri umepigwa, nani ataubandua? Watu walipiga makofi. Mimi mtu akiniuzia kitu akaniapia kwamba hakina sharti hata moja, mkono wangu hushika pochi. Lakini sikusema. Haikuwa mali yangu.

Ikawa yangu siku Kwa Neema alipoleta shehena ya mbao za ghala moja lililobomolewa. Zilikuwa zimebunguliwa, wadudu wamezila ndani. Kwa nje zilipigwa msasa zikapendeza. Matundu aliyaziba kwa gundi na vumbi la msumeno. Sindano alikalia fremu ya kwanza, na chini ya kochi pakaanguka unga mweupe kama mtu anachekecha.

"Baba watoto, hili linatoa unga."

"Vika tu, mama. Ndani nani anaona?"

"Mungu haoni?"

"Mungu anaona damu, haoni dhambi. Hukusikia Jumapili?"

"Nilisikia. Sikusikia pakitajwa bungua."

Akakataa kuivika. Walinuniana mpaka watoto wakawa wanapeleka ujumbe kati ya jiko na karakana. Kisha Sindano akaenda msibani kwa shangazi yetu, na aliporudi fremu ile haikuwepo. Kwa Neema alikuwa ameivika mwenyewe, kwa stepla, na kuiuza moja kwa moja kwa mwumini mwenzake. Hakuipitishia dukani kwangu. Alijua mimi hupindua.

Mwumini huyo ni muuguzi mstaafu, mama ambaye amezalisha nusu ya mtaa wetu, wakiwemo watoto wa Kwa Neema mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kochi lake jipya na kikombe cha chai mkononi. Mguu wa nyuma ukavunjika, akaenda chini na chai yake, nyonga ikapasuka. Mama aliyetumia maisha yake kuwainua watu vitandani akalazwa akiinuliwa na watu.

Kwa Neema alikwenda kumwona, akiongozana na mchungaji. Waliomba. Mama akasema, "Nimesamehe, wanangu." Shemeji akarudi karakana anapiga mluzi. Nilikuwa namngoja mlangoni.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amenisamehe, shemeji. Yamekwisha. Jina la Bwana libarikiwe."

"Na kochi?"

"Kochi gani tena?"

"Lililomvunja. Utamtengenezea lingine?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mpagani. "Shemeji, ukianza kufidiafidia unasema msalaba haukutosha."

"Msalaba ulitosha! Misumari yako ndiyo haikutosha, mwanaharamu wewe!"

Samahani kwa lugha, lakini ndivyo nilivyosema, na ningesema tena. Msamaha ni wa yule aliyeumizwa, anautoa akipenda. Aliyeumiza ana kazi yake nyingine, na kazi hiyo haifanywi kwa mluzi. Nimeona watu wakitumia jina la Mungu kuombea punguzo la bei, na hao nimewazoea. Huyu alilitumia kama kitambaa.

Sindano hakugomba. Alimwambia mumewe neno moja tu: "Mtengenezee mama kochi." Alimwambia asubuhi, alimwambia akimwekea chakula, alimwambia akizima taa. Yeye akajibu kwa mistari ya mahubiri.

Mambo yakiwa hivyo, kanisa likataka viti vipya vya madhabahuni: kimoja cha mchungaji, viwili vya wazee wa kanisa, vyenye migongo mirefu. Kwa Neema akajitolea kuvitengeneza, iwe sadaka yake. Kina mama wa kanisa wakanunua kitambaa cha zambarau, kizuri, kizito, chenye kung'aa. Wageni wakaalikwa kwa siku ya kuviweka wakfu. Na mbao? Zilezile za ghala. Kwa mama wa watu alitumia zilizooza, na kwa Mungu akapeleka makombo yake.

Sindano akakalia kiti cha kwanza. Kililia. Akayumba, kikapasuka sauti ndani kama kuni mbichi motoni. Akainuka, akakunja kitambaa cha zambarau pembe kwa pembe, akakiweka juu ya cherehani.

"Siviki."

"Mama, wageni wameshaalikwa."

"Waje. Hivi siviki."

"Funika kombe mwanaharamu apite!"

"Mwanaharamu ni nani hapa? Si mchungaji ndiye atakayekaa?"

Kwa Neema akaenda kanisani kumshitaki. Shitaka lilikuwa refu: hamtii mumewe, anazuia kazi ya Bwana, anafundisha wokovu wa matendo. Hilo la mwisho ndilo lililowashitua wazee. Wakamwita.

Nilikwenda naye. Mimi kanisani huonekana harusini na misibani, lakini kikao kikiwa cha damu yangu sihitaji mwaliko. Tulikaa kwenye ofisi ya nyuma ya kanisa, meza yenye kitambaa cha plastiki, chupa ya chai, wazee wa kanisa upande ule, sisi upande huu, Kwa Neema katikati kama bidhaa inayogombewa. Sindano alikuwa amebeba kiti kimoja, uchi, akakiweka mbele ya meza. Hakuna aliyemuuliza.

Mchungaji alianza kwa upole. "Binti yangu, hatukukuita kukuhukumu. Lakini unataka kuturudisha chini ya sheria. Tukisema lazima mtu awe mwema ndipo aurithi ufalme, nani atapona? Wewe hujawahi kukosa?"

"Nimekosa sana, Mchungaji. Nikikosa mshono naufumua. Sijawahi kuuita mshono mbovu neema."

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine, mwenye miwani, akasema, "Lakini mpendwa, wokovu ni zawadi. Haununuliwi."

"Nani kasema unanunuliwa? Kitambaa kile cha zambarau kinunuliwe na mbao? Mbao zina nini? Kitambaa ni zawadi, mzee wangu, kimeletwa bure na nimekipokea. Lakini mimi nimefundishwa kwamba hakuna anayevika kitu ili kikae tu kinang'aa. Anakivika ili kikaliwe. Huyo Mungu aliyetuvika siku moja atakuja kukaa. Sasa mkisema haulizi ndani mna nini, mnamfanya mteja mpumbavu anayepapasa kitambaa."

"Maneno makali hayo," mchungaji akasema.

"Imeandikwa wadhalimu hawataurithi. Haikuandikwa wadhalimu wasioimba kwaya. Na barua yenye maneno hayo iliandikiwa watu wa kanisani, haikupelekwa kilabuni alikokuwa mume wangu."

Hapo nilitaka kupiga meza kwa furaha, nikajizuia. Kwa Neema alikuwa anatazama vidole vyake.

"Unamhukumu mumeo," mchungaji akasema.

"Simhukumu. Nimemwogesha huyu akiwa amejitapikia, nikamrudisha kitandani, sikumhukumu. Nasema tu kiti hiki si salama." Akageuka. "Mchungaji, karibu. Keti."

Mchungaji akatazama kiti. Kiti kikamtazama. Mkono wake ukashika tai.

"Hatukuja hapa kujaribiana."

"Basi mzee yeyote."

Mwenye miwani akajimiminia chai ambayo hakuinywa.

"Basi wewe, baba watoto. Wewe umekitengeneza. Keti."

Nikamwangalia shemeji. Ule ulikuwa wasaa wake. Angeweza kukaa kikavunjika, tukacheka, yakaisha. Angeweza kusema ukweli. Hakufanya hata moja. Alisimama tu pale, jasho likimtoka, na kila aliyekuwa na macho aliona kwamba fundi anaiogopa kazi ya mikono yake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wote waliona. Hapakuwa na mtu mle aliyebaki hajui. Wakatutoa nje, wakajadiliana, wakaturudisha, na mwenye miwani akasoma uamuzi: Sindano asishiriki meza ya Bwana mpaka atubu roho ya uasi. Viti vitavikwa na mshonaji mwingine, kwa kuwa wageni wameshaalikwa, "na kama kuna marekebisho madogo yatafanyika baadaye."

Baadaye! Nimeuza samani maisha yangu yote na sijaona baadaye hata moja iliyorekebisha fremu. Mwizi wa kuku mtaani kwetu ana aibu kuliko kikao kile. Yeye angalau hukimbia.

Tulipofika kona ya karakana Sindano akasimama. "Dada," akasema, "ile meza naipenda kweli."

Mshonaji wa sare za shule ndiye aliyevika viti. Hakukaa kwanza, hakuna aliyemfundisha. Jumapili ya wakfu, Sindano alikwenda kanisani kama kawaida. Nilimuuliza anakwenda kufanya nini mahali walipomfukuza. "Wamenifukuza mezani," akasema, "hawajanifukuza nyumbani kwa Baba." Tukakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwenye viti vya plastiki.

Mbele vilikuwa vimesimama vile vitatu, vya zambarau, vinang'aa. Ungeviona ungevitamani. Wageni walivipiga picha. Vikaombewa, vikapakwa mafuta. Halafu ibada ikaanza, na hapo ndipo nilipolazimika kujiziba mdomo na kanga: hakuna aliyekaa. Mchungaji alisimama. Wazee walisimama, mmoja kila upande, kama askari wa lindo. Nyimbo ziliisha, matangazo yakaisha, mahubiri yakaenda, wao wima. "Leo tunasimama kwa heshima ya Bwana," mchungaji akasema, na watu wakaitikia amina. Mzee wa miwani ana maradhi ya miguu; alikuwa akihama kutoka mguu huu kwenda huu kama kuku kwenye bati la moto, na kiti kikubwa kitupu nyuma yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kisha mlango ukafunguka kando yetu, akaingia yule muuguzi mstaafu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje tangu aumie, na magongo mawili, na shali yake nyeupe. Kanisa lilikuwa limejaa. Kiti cha plastiki kingekuwa kifupi mno kwa nyonga yake. Mhudumu wa mlangoni, mtu mwema asiyejua lolote, akaona mbele kuna viti virefu vitatu visivyo na watu. Akamshika mama mkono. "Twende, mama yetu. Leo utakaa mahali pa heshima."

Wakapita katikati. Watu wakampigia makofi mama. Nikamwona mchungaji amefungua mdomo, akaufunga. Mzee wa miwani akatazama dari. Sindano akanishika paja kwa nguvu mpaka leo nina alama. Mhudumu akamgeuza mama, akampokea magongo, mama akaanza kujishusha taratibu, mkono mmoja nyuma, kama wafanyavyo wazee.

"Usikae!"

Ilitoka kwenye kwaya. Kwa Neema alikuwa ameruka safu nzima ya waimbaji, mikono imenyooka. "Usikae hapo, mama! Usikae!"

Kinanda kikanyamaza. Mama akabaki nusu amesimama, ameegemea mhudumu.

"Kwa nini nisikae?" akauliza kwa sauti, maana masikio yake hayasikii vizuri siku hizi.

"Ni… mbao, mama."

"Nini?"

"Mbao mbovu!" akapaza. "Zilezile za kochi lako. Nilijua. Hata lile nilijua."

Kanisa zima. Wageni na simu zao. Mchungaji aligeuza kurasa za Biblia yake mbele na nyuma kama aliyepoteza kitu ndani yake.

Sindano ndiye aliyeinuka. Alitembea kutoka mlangoni hadi mbele, hana haraka, akaenda pale kwa mpiga kinanda, akamwomba kiti chake cha mbao, cha zamani, kimechubuka rangi. Akakiweka katikati ya madhabahu. Akakikalia. Akayumba kushoto, akayumba kulia, akajitupa nyuma. Kimya. Akainuka, akakifuta kwa upindo wa nguo yake.

"Hiki hapa, mama. Kaa."

Alirudi zake nyuma kwenye plastiki. Meza ya Bwana ilipotandikwa, wote waliosimama kimya mbele walikula. Yeye hakula.

Adhabu ile haijaondolewa. Mchungaji alipita dukani kwangu akasema mambo haya yanahitaji hekima na muda; nikamwambia hekima anayo, muda anao, kinachokosekana ni kitu kingine. Akaniambia ana safari.

Kwa Neema alivirudisha viti vyote vitatu karakana kwa mkokoteni, mchana kweupe, watu wakiangalia. Nimempita leo asubuhi. Amekaa chini anang'oa stepla moja moja kwa bisibisi, kitambaa cha zambarau kimekunjwa pembeni, mbao za ghala zimelundikwa nje zikiwa kuni. Mbele yake pana fremu mpya ya mbao ngumu, si ya kanisa. Ni kochi la mama muuguzi.

Sikumsifu. Kufanya unalopaswa si muujiza.

"Umeamkaje, shemeji?" nikamuuliza.

Aling'oa stepla moja kwanza. "Nimeamka," akasema.

Sindano akatoka ndani na nyuzi mdomoni. Akaikalia fremu, akayumba kushoto, akayumba kulia, akasikiliza. Akazitoa nyuzi.

"Linalia upande wa kulia," akasema. "Fumua, rudia."

Kwa Neema akachukua nyundo.